Jicho la mwenye bendera: namna ubongo wetu unavyoona kitu kinachokwenda

Wengi mtashangaa kuona kapita wa wanafunzi anaandika juu ya ubongo, maana mlizoea kusoma kwetu mambo ya kufagia, ya kengele na ya maji ya kunywa. Lakini tuko na sababu, na tutaanza nayo.

1. Mambo yaliyotokea kiwanjani

Mnakumbuka mechi yetu ya mwisho na wageni. Dakika chache mbele ya kumaliza, tukiwa 1 kwa 1, mshambuliaji wetu alipokea mpira akafunga. Kiwanja chote kilipiga vigelegele. Kumbe mwenzetu wa kalasi ya tano, yule aliyeshika bendera pembeni, alikuwa ameiinua: kosa la kuotea, lile ambalo wachezaji wanaliita «hors-jeu». Goli likakataliwa. Kiisha mtu mmoja akaleta telefoni iliyochukua mechi, akasimamisha picha pale pale mpira ulipopigwa. Mshambuliaji wetu alikuwa sawasawa na mlinzi wa wageni, hata nyuma yake kidogo.

Basi maneno yakaanza. «Alikula franka za wageni!» «Aliuzisha mechi!» Wengine walimsukuma. Na sisi tunaoandika hapa tunapaswa kusema kweli: hatukumsukuma, lakini tulipiga kelele pamoja na wengine, sisi ambao kazi yetu ni kutuliza watu.

Tangu siku ile mwenzetu haimbi tena katika kwaya, na anakula peke yake. Tulipomfuata alituambia neno moja tu: «Niliona. Kwa macho yangu niliona yuko mbele.» Neno hili lilitunyima usingizi. Picha ya telefoni tuliiona wote, na mwenzetu hatukumjua kuwa mwongo hata siku moja. Namna gani wote wawili waseme kweli? Tulikwenda kumuuliza mwalimu wetu wa biolojia. Hakutujibu. Alitupa vitabu, akasema tusome kwanza, kuhukumu kutakuja baadaye. Haya ndiyo tuliyoyapata.

2. Jicho peke yake halioni mwendo

Tuanze na kitu mnachokijua. Wengi wetu tulitazama Filamu ya Yesu, ile iliyotoka mwaka 1979 na kuzungushwa katika vijiji vingi kwa grupu na kitambaa cheupe. Katika filamu ya namna hiyo, mashine inapitisha picha 24 kila sekunde. Kila picha imesimama kimya, kama picha ya ubatizo ukutani. Tena, kati ya picha na picha mashine inafunga nuru, na kitambaa kinabaki giza. Kwa hiyo, juu ya kitambaa kile hakuna mtu aliyetembea hata hatua moja. Lakini sisi tuliona watu wanatembea, mashua inayumba, watoto wanakimbia. Nani aliwatembeza? Ni ubongo wetu.

Mwaka 1912, Max Wertheimer, mwalimu wa Ujerumani, alichunguza jambo hili kwa mistari miwili tu. Aliwasha wa kwanza, akauzima, kiisha akauwasha wa pili kando yake. Alipokawia sana kati ya miwili, watu waliona mistari miwili, mmoja baada ya mwingine. Alipoharakisha sana, waliona miwili kwa mara moja. Lakini alipoacha nafasi kama ya 60 katika 1000 za sekunde, waliona mstari mmoja unaotoka hapa kwenda pale. Walikuwa na macho mazima, na hawakusema uwongo. Lakini kitu walichokiona hakikuwako.

Sababu yake ni hii. Nyuma ya jicho mna ngozi nyembamba inayoitwa retina, na ndani yake mna chembe za kupokea nuru zaidi ya milioni 100. Kila chembe inajua habari ya mahali pake tu: hapa nuru imeongezeka, hapa imepunguka. Hakuna hata moja inayoweza kusema peke yake, «ndege amepita». Habari hizo zinapita katika mshipa wa jicho wenye nyuzi kama milioni 1, zinaingia katikati ya kichwa, kiisha zinafika nyuma kabisa, kwenye kisogo. Huko ndiko kazi kubwa ya kuziunganisha inafanyika.

3. Walinzi wawili wa barabara

Namna gani ubongo unaunganisha? Tuchukue mfano wa barabara yetu. Tuseme chefu mmoja anakaa ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Ameweka walinzi wawili barabarani: wa kwanza upande wa Kasongo, wa pili mbele zaidi, upande wa Kabambare. Kila mlinzi akiona gari anatuma mjumbe. Mjumbe wa mlinzi wa kwanza anapita njia ndefu ya kuzunguka, yule wa pili anapita njia fupi.

Gari likitoka Kasongo, linampita mlinzi wa kwanza, na mjumbe wake anaanza ile safari yake ndefu. Baadaye linampita wa pili, na mjumbe wake anakuja kwa njia fupi. Wajumbe wawili wanafika mlangoni pamoja. Chefu akisikia wawili wanabisha hodi kwa mara moja anasema: «Gari linatoka Kasongo kwenda Kabambare.» Lakini gari likitoka Kabambare, mjumbe wa njia fupi anafika mapema sana na yule wa njia ndefu anachelewa sana. Hawakutani. Chefu ananyamaza, na chefu mwingine, ambaye wajumbe wake wamepangwa kinyume, ndiye anayesema.

Mfano huu tumeutengeneza sisi, lakini hesabu yake si yetu. Wajerumani wawili, Bernhard Hassenstein na Werner Reichardt, waliieleza mwaka 1956 baada ya kuchunguza namna mdudu mdogo wa jamii ya mbawakawa anavyogeuka kufuata vitu vinavyompita. Na katika miaka ileile David Hubel na Torsten Wiesel, waliofanya kazi Marekani, walikuta ndani ya ubongo wa paka chembe zinazofanya kama machefu wetu: chembe fulani inasema kwa nguvu mstari ukienda upande huu, na inanyamaza ukienda upande ule. Wawili hao walipata zawadi ya Nobel mwaka 1981.

Angalieni jambo moja hapa. Chefu hakuliona gari hata kidogo. Anasadiki kwa sababu wajumbe wamefika kwa wakati unaofaa. Ukiwapeleka wajumbe wawili kwa ujanja, kwa wakati uleule, atasema kuna gari hata kama barabara ni tupu. Hivyo ndivyo filamu inavyofanya kazi, na ndivyo mstari wa Wertheimer ulivyotembea bila kutembea.

4. Mama aliyeshindwa kumimina chai

Huku kwetu tunajua upofu wa mto, ule unaoletwa na kijidudu cha nzi wa mtoni, na ambao tunameza mectizan kuuzuia. Ugonjwa ule unaharibu jicho lenyewe. Lakini kuna upofu mwingine wa ajabu: jicho ni zima, na mtu anaona rangi, anaona sura, anasoma vizuri. Kinachokosa ni mwendo tu.

Mwaka 1983 mchunguzi Josef Zihl na wenzake wa München, Ujerumani, walieleza habari za mwanamke mmoja ambaye vitabu vinamtaja kwa herufi mbili tu, L.M. Damu ilikuwa imeganda katika mshipa wa ubongo wake, na sehemu za nyuma za ubongo, kulia na kushoto, ziliumia. Baada ya hapo alishindwa kumimina chai. Aliona chai imesimama kama barafu, hakuona inapanda ndani ya kikombe, na mara ilikuwa imemwagika mezani. Watu chumbani walikuwa hapa, kiisha walikuwa pale, na hakuwaona wakipita. Kuvuka barabara kulimtisha sana: gari lilikuwa mbali, na mara liko mbele yake. Alijifunza kusikiliza mlio wa gari ili ajue umbali.

Fikirini mama kama huyu katika kijiji chetu. Angewezaje kutwanga pamoja na mwenzake katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda, wa yule ukishuka? Angegonga mkono wa mwenzake siku ya kwanza. Na tunaogopa kusema watu wangesema nini juu yake. Wangesema amelogwa, au anafanya kusudi.

Sehemu hiyo ya ubongo wachunguzi wanaiita V5. Iko pande zote mbili za kichwa, nyuma ya sikio na juu yake kidogo. Semir Zeki wa London alionyesha mwaka 1974 kwamba katika nyani chembe za hapo zinashughulika na mwendo. Mwaka 1990 watu wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na William Newsome, walifanya jambo la kushangaza zaidi. Nyani alikuwa amefundishwa kuonyesha upande ambao vitone vya nuru vinakwenda. Walipogusa chembe za mahali hapo kwa umeme kidogo sana, nyani alielekea kujibu upande wa chembe zile. Macho yake hayakubadilika. Shahidi aliye ndani ndiye aliyebadilishwa.

Kinyume chake kiko pia. Wakati wa vita ya 1914–1918 mganga Mskoti George Riddoch alichunguza askari waliopigwa risasi nyuma ya kichwa. Katika habari alizoandika mwaka 1917 alisema kwamba wengine, mahali pale macho yao yalipokuwa kama yamekufa, waliona kitu kikitikisika, ijapokuwa hawakuweza kusema ni kitu gani. Tulipofika hapa tulimkumbuka yule kipofu wa Betsaida katika Marko 8. Bwana alipomgusa mara ya kwanza aliona watu, lakini walikuwa kama miti. Alijua ni watu kwa sababu walitembea. Mara ya pili ndipo aliona vizuri. Hatutaki kugeuza muujiza kuwa somo la biolojia. Tunasema tu kwamba mwendo ni jambo moja na sura ni jambo lingine, na mtu anaweza kupata moja mbele ya lingine. Hata sisi usiku tunamtambua mwenzetu kwa mbali kwa namna tochi yake inavyoyumba, mbele ya kuona uso.

Tena ubongo unaweza kuumia bila watu kujua. Kule Kampala, Uganda, wachunguzi waliwafuata watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Mwaka 2008 waliandika kwamba miaka miwili baada ya ugonjwa, karibu mtoto 1 katika 4 alikuwa bado na shida ya akili, kama vile kushindwa kukaza mawazo juu ya kazi yake. Hapo hawakupima mwendo. Lakini ni wangapi kati yetu walipata malaria ile wakiwa wadogo, na leo tunawaita wavivu?

5. Jaribuni ninyi wenyewe

Msisadiki maneno yetu bure. Nendeni kwenye daraja au ukingo wa mto Luama, au mto wowote wenye mkondo wa nguvu. Kazeni macho mahali pamoja juu ya maji kwa dakika moja, bila kuyafuata. Kiisha tazameni majani ya ng'ambo. Mtaona majani yanapanda kwenda juu ya mto, na bado hayaondoki mahali pake! Robert Addams aliandika jambo hili mwaka 1834, baada ya kutazama maporomoko ya Foyers, Uskoti.

Ni kama mizani ya muuza mchele. Chembe za «kushuka» na chembe za «kupanda» zinakaa kila moja katika sahani yake, na kitu kikisimama sahani zinalingana. Ukitazama maji muda mrefu, chembe za kushuka zinachoka. Ukigeuka kutazama majani, sahani ya kupanda inashinda, na ubongo unasema: yanapanda.

Jaribio la pili linataka kioo tu. Tazama jicho lako la kushoto, kiisha la kulia, kiisha la kushoto. Hutaona macho yako yakigeuka hata mara moja. Mwenzako akisimama kando atayaona vizuri. Wakati jicho linaruka kutoka hapa kwenda pale, ubongo unapunguza sana habari zake, na haukuambii kwamba umefanya hivyo.

6. Sasa turudi kwa mwenye bendera

Mwenye bendera anapaswa kujua mambo mawili kwa wakati mmoja: mpira umepigwa saa gani, na wakati ule mshambuliaji alikuwa wapi. Mpigaji anaweza kuwa mita 30 kutoka kwa mshambuliaji. Jicho likiruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kuna nafasi ndogo ambayo ni kama mlango umefungwa, vile tulivyoona katika kioo.

Tena habari zinachukua karibu sehemu 1 katika 10 za sekunde kupita kutoka jichoni na kutengenezwa katika ubongo. Ni kidogo sana, mtasema. Tuhesabu. Mshambuliaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde anapita sentimeta 70 katika nafasi hiyo. Mlinzi anayetoka upande wa goli kwa mita 5 kwa sekunde anapita sentimeta 50 upande wa pili. Pamoja ni mita 1 na sentimeta 20. Walikuwa sawasawa, na sasa mmoja yuko mbele ya mwingine kwa hatua nzima.

Na kuna jambo la tatu. Kitu kinachokwenda na kitu cha ghafla vikitokea pamoja mahali pamoja, watu wanaona kile kinachokwenda kimetangulia. Romi Nijhawan aliandika juu ya jambo hili mwaka 1994, akasema ubongo unabahatisha kitu kitakuwa wapi ili usichelewe. Wengine wanabishana naye juu ya sababu, lakini kwamba kinaonekana mbele, hilo halibishwi. Teke la mpira ni kitu cha ghafla. Mshambuliaji ni kitu kinachokwenda. Kwa hiyo ataonekana mbele zaidi kuliko alivyokuwa, na bendera itapanda bure.

Tena mwaka 2000 wachunguzi wa Amsterdam, Uholanzi, walionyesha kwamba makosa mengi ya kuotea yanatokea kwa sababu mwenye bendera hakusimama katika mstari mmoja na mlinzi wa pili kutoka nyuma, golikipa akihesabiwa. Akitangulia kidogo, anawaona wachezaji kwa pembe. Waamuzi wale walikuwa mafundi wa kazi yao. Ndiyo maana katika Kombe la Afrika la mwaka 2019, kule Misri, waamuzi walipewa msaada wa picha za video kuanzia robo fainali. Ikiwa waamuzi wakubwa wa bara letu wanahitaji msaada, kwa nini tulitaka mwenzetu wa kalasi ya tano, anayekimbia juu ya majani na mashimo, awe na jicho la malaika?

7. Barabara haina telefoni ya kusimamisha picha

Goli likikosewa, tunalia siku mbili. Barabarani ni mambo mengine. Pikipiki inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Ikija mbele yako haikati njia kulia wala kushoto. Inakua tu, na ubongo unapima mbio zake kwa namna picha inavyokua. Pikipiki ni nyembamba, picha yake ni ndogo, basi tunadhani bado iko mbali. Usiku ni vibaya zaidi, maana tunaona taa moja tu.

Kwa watoto ni hatari zaidi. Mwaka 2011 wachunguzi wa chuo kikuu kimoja cha London waliandika kwamba watoto wa shule ya msingi hawawezi kupima vizuri mwendo wa chombo kinachowajia kwa zaidi ya kilometa 32 hivi kwa saa. Ubongo wao haujakomaa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtoto akiingia barabarani mbele ya pikipiki, tusiseme tu «ni kichwa kigumu». Ninyi mnaoendesha pikipiki za wazazi wakati wa likizo, pitisheni polepole mbele ya shule na soko. Na ninyi mnaotembea na wadogo zenu, washikeni mkono, hata kama wanasema wameona.

8. Kumaliza

Tunajua mwongo yuko, na rushwa iko, hatukatai. Lakini mtu anaweza kukosea kabisa bila kusema uwongo hata neno moja. Labda ndiyo maana Torati iliagiza neno lithibitishwe kwa mashahidi wawili au watatu. Shahidi mmoja, hata akiwa mwaminifu, ana ubongo mmoja tu.

Tumezungumza na mwalimu wa michezo, na haya yamekubaliwa. Mwenye bendera atasimama sikuzote sawasawa na mlinzi wa pili kutoka nyuma. Akiwa na mashaka, bendera itabaki chini. Na mwenye telefoni hataruhusiwa kuingia kiwanjani nayo mbele ya mechi kuisha.

Kwa mwenzetu wa kalasi ya tano tunaomba msamaha hapa, mbele ya wote, kwa sababu tulimpigia kelele mbele ya wote. Juzi tulikwenda kumwomba ashike bendera tena katika mechi ijayo. Alikawia kujibu. Kiisha aliuliza kama kioo cha kufanyia jaribio kiko kwetu, tukampa, akajitazama muda mrefu, akacheka. Amesema atakuja.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita